JIKO LA CHUMA KUUKUU NA DOHANI YA ZAMANI
Namna ya kuviunganisha bila kuhatarisha nyumba wala watu

Katika nchi za juu zenye baridi, kama vile Kinangop, Limuru na Molo katika Kenya, na Njombe, Mufindi na Lushoto katika Tanzania, ziko nyumba za mawe na za matofali zilizojengwa zamani na walowezi, na wamisheni, na makampuni ya mashamba. Nyingi katika hizo zina dohani. Katika Kenya, Mpango wa Ekari Milioni ulioanza mwaka 1962 uliyagawa mashamba makubwa kwa wakulima wadogo, na baadhi ya nyumba hizo zikawa makao ya watu ambao hawakuzijenga wala hawakuonyeshwa jinsi ya kuzitunza. Dohani imesimama pale ukutani miaka mingi, meko yake yamezibwa kwa mbao au yamegeuzwa kuwa mahali pa kutagia kuku, na watu wa nyumba huota moto wa makaa katika karai, milango ikiwa imefungwa.

Siku hizi mkulima huweza kupata jiko la chuma lililokwisha tumika, ama katika mnada, ama kwa muuza vyuma chakavu, ama kwa jirani aliyeanza kupikia gesi. Akilipata, huwaza hivi: jiko ninalo, dohani ninayo, kilichobaki ni kipande cha bomba tu. Wazo hilo ni jema, lakini si kamili. Jiko zuri likiunganishwa na dohani mbovu laweza kuiteketeza nyumba, au kuwaua wenyewe usingizini pasipo moto wowote kuonekana. Kwa hiyo karatasi hii imeandikwa ili kumwonyesha mkulima mambo yampasayo kuyatazama, na utaratibu wa kuyafuata, kuanzia dohani yenyewe mpaka majivu yatakapofika shambani.

FAIDA YA KAZI HII

Meko yaliyo wazi hupendeza macho, lakini hula kuni nyingi na kutoa joto dogo. Katika kila mzigo wa kuni uchomwao humo, sehemu iliyo kubwa sana ya joto lake huenda juu pamoja na moshi, tena huvuta nje hewa yenye joto iliyokuwamo chumbani. Jiko la chuma lenye mlango huuzuia moto usipate hewa kupita kiasi. Kuni huwaka polepole, chuma hushika joto na kuligawa chumbani, na sufuria na birika hukaa juu yake moto ule ule. Kuni zikipungua, mama na watoto hupunguziwa safari za kuzitafuta, na miti ya shambani hupata muda wa kukua.

Faida ya pili ni afya. Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba katika mwaka 2020 watu wapatao 3,200,000 ulimwenguni walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, iletwayo na mioto ya kupikia na taa za mafuta. Watoto wachanga hupatwa na kichomi, na watu wazima huharibika mapafu na moyo. Jiko lililofungwa vema na dohani ivutayo sawasawa huupeleka moshi nje. Lakini faida hizi zote zasimama juu ya neno moja: dohani iwe nzima. Basi kanuni ya kwanza ni hii: DOHANI KWANZA, JIKO BAADAYE. Usitoe fedha yako kununua jiko kabla hujajua hali ya dohani.

JINSI DOHANI IVUTAVYO MOSHI

Hewa yenye joto ni nyepesi kuliko hewa baridi, nayo hupanda. Moshi upandapo ndani ya dohani huacha nafasi chini yake, na hewa ya chumbani huingia jikoni kuijaza nafasi hiyo. Huko ndiko kuvuta. Katika jambo hili mna mafunzo matatu.

Kwanza, dohani ndefu huvuta kuliko fupi. Kutoka juu ya jiko mpaka mdomo wa dohani, urefu usipungue meta 4 na nusu. Nchi iliyo juu sana huhitaji zaidi kidogo, kwa kuwa hewa yake ni nyepesi. Mahali penye kimo cha meta 2,400, kani ya hewa ni kama robo tatu ya ile ya pwani.

Pili, mdomo wa dohani uwe juu kuliko paa. Upite paa kwa sentimita 90 au zaidi mahali dohani itokeapo, tena uzidi kwa sentimita 60 kila sehemu ya paa iliyo karibu nayo kwa meta 3. Ukiwa chini ya hapo, upepo uvukao paa hugeuka na kuusukuma moshi urudi ndani.

Tatu, moshi ukipoa hukosa nguvu ya kupanda. Dohani pana mno huupoza moshi, na dohani iliyojengwa nje ya nyumba, ikipigwa na baridi pande tatu, huupoza upesi zaidi. Moshi uliopoa huacha juu ya kuta za ndani utando mweusi kama lami. Utando huo ndio adui mkubwa wa nyumba, nasi tutauzungumzia mbele.

KUICHUNGUA DOHANI

Kazi hii huhitaji mchana mmoja, kioo cha mkono, tochi, ngazi imara na mtu wa pili wa kushika ngazi.

1. Tazama ndani. Simama mbele ya meko, ukiingize kioo chini ya dohani huku umekiinamisha. Ukiona mbingu, njia i wazi. Usipoiona, mna kitu: huenda ni kiota cha ndege, matofali yaliyoanguka, au kizibo cha bati kilichowekwa na mwenye nyumba wa kwanza.

2. Tafuta nyuki. Dohani isiyotumika ni mzinga mzuri kwa nyuki. Usijaribu kuwafukuza kwa kuwasha moto, kwa maana nta na asali huyeyuka, hushuka mpaka kwenye moto, na kuwaka kama taa ya mafuta. Umwite mfuga nyuki aje jioni awahamishe, na masega yote yakwanguliwe yasibaki.

3. Fagia kabla ya kupima. Masizi ya zamani hufunika nyufa. Yaondoe kwanza kwa namna itakayoelezwa mbele, ndipo utaona ukuta wenyewe.

4. Kwaruza viungo vya mawe kwa ncha ya kisu. Chokaa kikiwa kizima hukikataa kisu. Kikianguka kama unga, dohani haina tena kifungo, na moshi utapita kati ya mawe. Tazama hasa sehemu iliyo juu ya paa, kwa kuwa huko mvua na jua vimefanya kazi miaka yote.

5. Panda darini. Hapo ndipo hatari nyingi hujificha. Mafundi wengine wa zamani walichomeka ncha ya boriti ndani ya ukuta wa dohani ili kuishikilia. Boriti ya namna hiyo hukauka kidogo kidogo kwa joto, na baada ya miaka mingi huweza kushika moto hata kama hakuna ulimi wa moto ulioifikia. Mbao zote ziwe mbali na mawe ya dohani angalau sentimita 5, na katika nafasi hiyo pasiwe na magunia, majani, wala viota vya panya.

6. Jaribu kwa moshi. Washa chini ya dohani konzi mbili za majani makavu, kisha tupia majani mabichi ili moshi uwe mzito. Moshi ukianza kutoka juu, msaidizi wako azibe mdomo wa dohani kwa gunia lililoloweshwa maji. Mara nenda ukatazame kila chumba, na dari, na ukuta wa nje. Popote utokapo moshi pana ufa. Upake alama ya chokaa mahali hapo. Milango na madirisha yawe wazi wakati wote wa jaribio hili, na watoto wawe nje.

Nyufa ndogo huzibwa na mwashi kwa chokaa na mchanga safi. Saruji tupu haifai mahali panapopata moto mwingi, kwa sababu hupasuka na kumeguka ipatapo joto na kupoa mara kwa mara. Ikiwa nyufa ni nyingi, au jiwe moja limeondoka mahali pake, au dohani imeinama, usijidanganye kwa kupaka lipu juu ya ubovu. Dohani ya namna hiyo ama ivunjwe na kujengwa upya, ama itiwe bomba la chuma ndani yake kutoka chini mpaka juu.

KULICHAGUA JIKO

Jiko kuukuu lina sifa moja: limekwisha jaribiwa. Majiko ya chuma cha kusubu yaliyoletwa zamani yangali yanapika, lakini hayo nayo yana maradhi yake. Muuzaji atasifu uzito wake na rangi yake. Wewe yatazame mambo haya.

Gonga kila ubao wa chuma kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia kama kengele, na chenye ufa hutoa sauti butu. Chuma cha kusubu hakiungwi kwa uchomeleaji wa kawaida. Kikiungwa hivyo hupasuka tena kando ya kiungo. Kwa hiyo, jiko lenye ufa katika sanduku la moto uliache hapo hapo.

Weka tochi iwakayo ndani ya jiko mahali penye giza, funga milango yote, uzunguke ukitazama. Mahali mwangaza unapopenya ndipo hewa itakapoingia bila ruhusa yako.

Bana kipande cha karatasi katika mlango, uufunge, kisha uivute karatasi. Ikitoka bila kushikwa, mlango haufungi sawasawa. Fanya hivyo pande zote nne.

Tazama chanja ya chini ibebayo kuni, na bamba la ndani likingalo ubavu wa jiko. Vitu hivi huliwa na moto, navyo huweza kubadilishwa, lakini ujue kwanza kama mhunzi wa kwenu aweza kuvitengeneza, na bei yake uitoe katika bei ya jiko.

Jihadhari na kamba nyeupe au ya kijivu iliyo katika milango ya majiko ya zamani. Huenda ikawa ya asbesto. Vumbi lake likivutwa na pumzi hukaa mapafuni na kuleta saratani baada ya miaka mingi. Usiikwangue ikiwa kavu, wala usiifagie. Ilowe maji kwanza, uitoe polepole huku umefunika pua na mdomo kwa barakoa nzuri, uitie katika mifuko miwili ya nailoni, kisha uulize ofisi ya afya ya wilaya mahali pa kuitupa. Mahali pake utie kamba mpya ya nyuzi za kioo itengenezwayo kwa ajili ya majiko.

Mwisho, pima mdomo wa jiko utokao moshi. Andika kipimo hicho katika karatasi, kwa maana kazi yote ifuatayo huanza nacho.

UPANA WA NJIA YA MOSHI

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Dohani ya meko ya wazi ilijengwa pana ili imeze moshi mwingi na hewa nyingi. Jiko hutoa moshi kidogo tu. Moshi huo ukiingia katika njia pana, hutambaa, hupoa, na kuganda ukutani.

Kanuni ni hii: eneo la njia ya dohani lisizidi mara tatu eneo la mdomo wa jiko, ikiwa dohani imo ndani ya nyumba. Ikiwa ukuta wake mmoja au zaidi u nje, lisizidi mara mbili. Tuchukue mfano. Mdomo wa jiko una upana wa sentimita 15, yaani inchi 6. Eneo lake ni sentimita za mraba 177. Dohani ya mraba wenye sentimita 23 kila upande ina eneo la sentimita za mraba 529. Hiyo ni karibu mara tatu kamili. Basi dohani hiyo yafaa ikiwa i ndani ya nyumba; ikiwa i nje, haifai mpaka itiwe bomba.

Dohani ikizidi kipimo, dawa yake ni kushusha ndani yake bomba la chuma kisichoshika kutu, lenye upana sawa na mdomo wa jiko, kutoka juu mpaka chini. Nafasi kati ya bomba na mawe ifungwe juu kwa bamba ili mvua isiingie. Gharama yake si ndogo. Lakini bomba hilo hutibu maradhi mawili kwa pamoja, upana na nyufa, na mara nyingi ni rahisi kuliko kujenga upya.

Kamwe usipunguze bomba liwe jembamba kuliko mdomo wa jiko. Tena usiunganishe majiko mawili, au jiko na meko ya wazi, katika njia moja ya moshi. Moshi wa moto mmoja utatokea katika chumba cha mwingine.

MAHALI PA KULIWEKA JIKO

Jiko la chuma cha kusubu laweza kupita kilo 100. Liwekwe juu ya sakafu ya mawe, matofali au saruji, na sakafu hiyo ipite jiko kwa sentimita 45 kila upande, ili kaa litakaloanguka lisikute mbao. Nyumba nyingi za zamani zina sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya nchi. Katika nyumba hizo, kata mbao mahali pa jiko na ujenge msingi wa mawe kutoka ardhini. Kutandika bati tupu juu ya mbao ni kujidanganya, kwa kuwa bati hupitisha joto.

Kati ya jiko na ukuta wa mbao, au kabati, au pazia, pawe na sentimita 90. Bamba la chuma likisimamishwa mbele ya ukuta, likiachana nao kwa sentimita 2 na nusu, na hewa ikipita chini na juu yake, laweza kupunguza nafasi hiyo, lakini isipungue sentimita 30 hata kidogo. Kamba ya kuanikia nguo isipite juu ya jiko.

Nyumba iliyoezekwa kwa nyasi si mahali pa jiko la namna hii. Cheche moja katika msimu wa kiangazi yatosha.

KUUNGANISHA BOMBA

Bomba liwe la chuma cheusi kizito. Bati lililopakwa zinki halifai karibu na jiko, kwa kuwa zinki huyeyuka kwenye joto la digrii 420, na moshi wake hudhuru mapafu. Mafundi wa mjini hulipenda kwa sababu ni rahisi kukunjwa na hung'aa. Tusikilize mazungumzo yaliyo ya kawaida katika karakana:

"Mzee, hili la mabati litakugharimu nusu tu."

"Fundi, nusu hiyo nitailipa nani nikiamka na kifua kinachobana? Nikunjie la chuma cheusi."

"Na vipande vyake niviunge kwa udongo?"

"Kwa skurubu, tatu kila kiungo. Udongo uzibe, skurubu zishike."

Maneno ya mzee huyo ni sahihi. Vipande vya bomba viingizwe hivi, kwamba ncha nyembamba ielekee chini, upande wa jiko. Watu wengi huona ajabu, wakidhani moshi utapenya kwenye viungo. Lakini dohani ikivuta, moshi hautoki. Kinachoshuka ni majimaji meusi ya moshi uliopoa, nayo ncha ikielekea chini hurudi motoni badala ya kuchuruzika sebuleni.

Bomba lipande daima. Kipande kilicholala kielekee juu kwa sentimita 2 katika kila meta moja, wala pasiwe na kona za mraba zaidi ya mbili. Bomba tupu lisikaribie mbao kwa chini ya sentimita 45, wala lisipitishwe darini au ndani ya ukuta wa mbao.

Liingiapo dohanini, bomba likome sawa na uso wa ndani wa njia ya moshi. Likipita na kuchungulia ndani, huzuia moshi na kukusanya masizi. Lizungushiwe udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu uliochanganywa na mchanga, ukikandwa mkavu ili usipasuke ukaukapo. Meko ya zamani yaliyo chini yazibwe kwa matofali, maana yakiachwa wazi dohani itavuta hewa ya chumba badala ya moshi wa jiko. Lakini pale chini kabisa acha kilango cha chuma kifungacho vizuri, cha kutolea masizi. Dohani isiyo na kilango hicho haitafagiwa kamwe.

MOTO WA KWANZA

Udongo ukauke kwa siku kadha. Kisha washa moto mdogo wa vijiti kwa muda wa nusu saa, uache upoe kabisa. Siku ya pili washa mkubwa kidogo, na siku ya tatu mkubwa zaidi. Chuma kilicholala miaka mingi kikipashwa moto kwa ghafula huweza kupasuka. Rangi na mafuta ya zamani yatatoa harufu, fungua madirisha. Siku hizo tatu panda darini ukaguse mawe ya dohani kwa kiganja. Yakiwa na uvuguvugu si neno. Yakiwa ya moto hata huwezi kuacha mkono, zima moto, ukatafute kisa chake.

KUNI

Mti uliokatwa leo waweza kuwa na maji hata nusu ya uzito wake. Ukiuchoma hivyo, joto lako latumika kuchemsha maji hayo, moshi wapoa, na dohani yajaa lami. Kuni njema zina maji yasiyozidi sehemu 20 katika 100. Muwati, mkaratusi na mgrevilea hufaa zote, mradi zipasuliwe mapema, zipangwe juu ya magogo mbali na udongo, zifunikwe juu na kuachwa wazi ubavuni, kwa muda wa miezi sita mpaka mwaka mzima.

Mkulima aliye na mizani ya viazi anacho kipimo chake. Achukue gogo moja katika rundo, aliandike nambari, alipime kila juma. Siku uzito utakapokoma kupungua, kuni ni kavu. Asiye na mizani agonganishe magogo mawili: yaliayo kwa sauti kali ni makavu, yenye sauti nzito bado yana maji.

Usichome nguzo za ua au za umeme zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa. Nyingi zina arseniki, ambayo ni sumu katika moshi na katika majivu. Usichome plastiki wala mbao za rangi.

HEWA ISIYO NA HARUFU

Moto ukikosa hewa ya kutosha, au dohani ikiziba, hutokea hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, kwa hiyo mtu hawezi kujilinda kwa pua yake. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa pamoja usiku wa baridi, wasidhani ni mafua. Wafungue milango, watoke nje wote, na aliyelegea apelekwe hospitali mara moja.

Ndiyo maana chumba cha jiko kisizibwe kila tundu. Acha upenyo wa kudumu ukutani wa kuingiza hewa. Usifunge kabisa kilango cha moshi wakati makaa yangali mekundu. Na ikiwa waweza kununua king'ora kidogo cha kuitambua hewa hiyo, kinunue kabla ya kununua rangi ya jiko.

KUFAGIA DOHANI, NA MOTO WA DOHANI

Fagia mara mbili kwa mwaka, kabla ya miezi ya baridi na baada yake, na kila mara utando ufikapo unene wa milimita 3. Brashi ya waya ndiyo bora. Asiyenayo afunge tita la vijiti vigumu katikati ya kamba ndefu ya katani. Mtu mmoja avute juu na mwingine chini. Jiwe zito lisifungwe kambani, kwa kuwa hugonga na kuvunja ukuta. Bomba la chuma ndani ya dohani lifagiwe kwa brashi lililopimiwa, si kwa tita la miiba.

Lami ya moshi ikishika moto, dohani hunguruma kama lori lipandalo mlima, na ndimi za moto hutoka juu. Hapo fanya hivi: toa watu wote nje, funga milango ya jiko na matundu yake yote ya hewa, ili moto ukose pumzi, waombe jirani na wazima moto msaada, tazama paa na dari kutoka mahali pa salama. Usimwage maji ndani ya dohani. Mawe yenye moto mkali yakipata maji hupasuka, na moto hupata njia ya kuingia nyumbani. Baada ya tukio hilo jiko lisiwashwe mpaka dohani ichunguzwe upya tangu mwanzo.

MAJIVU NI MALI

Acha jikoni majivu ya unene wa sentimita 2 au 3, yasaidie kushika makaa. Yaliyosalia yatiwe katika debe la chuma lenye kifuniko, likae nje juu ya jiwe, mbali na ukuta. Kaa lililofunikwa na majivu huweza kuishi siku kadha. Debe la plastiki na gunia vimeunguza nyumba ambazo dohani zake zilikuwa nzima.

Yakipoa kabisa, majivu ya kuni safi huingia shambani. Yana chokaa na potashi, nayo hupunguza ukali wa udongo wenye asidi, ambao ni tele katika nchi za juu. Yanyunyizwe haba katika kabichi, vitunguu na maharage, na kuchanganywa na udongo. Lakini yasitiwe katika viazi, kwa kuwa huongeza ugonjwa wa ukoko. Wala katika chai, ipendayo udongo wenye asidi. Tena yasichanganywe na samadi mbichi au mbolea yenye amonia, kwa maana nguvu ya mbolea itaruka hewani.

MAMBO YA KUSHIKA

Dohani ichunguzwe kabla ya jiko kununuliwa.
Njia ya moshi isiwe pana mno, wala bomba lisiwe jembamba kuliko mdomo wa jiko.
Jiko moja, njia moja ya moshi.
Mbao zikae mbali na jiko, bomba na dohani.
Kuni ziwe kavu.
Hewa iwe na mahali pa kuingilia.
Dohani ifagiwe mara mbili kwa mwaka.
Majivu yakae katika chuma, nje ya nyumba.

Atakayeona dohani yake ina shaka asione haya kumwita mwashi mwenye ujuzi, na ikiwa hapo kwao hakuna, asubiri mpaka apatikane. Nyumba yenye baridi msimu mmoja zaidi bado ni nyumba. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa dohani, ukiachwa, hautakuachia hata ukuta wa kujenga.